Wasifu wa Bibi: Gumzo la Kikundi cha Ukoo

Mjomba (Tanga), saa 1:12 usiku
Assalaam aleikum, ndugu zangu na watoto wetu. Kama tulivyokubaliana siku tulipoanua matanga, nimeanza kuandika wasifu wa mama yetu utakaosomwa Jumapili ya arobaini, baada ya khitma. Nimeanza hivi: "Marehemu alizaliwa Pangani tarehe 1 Julai 1940, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 85, akaacha watoto watatu, wajukuu kumi na tisa na vitukuu thelathini na mmoja, mtoto wake mmoja alimtangulia." Mwenye nyongeza au sahihisho aliseme sasa, kwa sababu nataka karatasi zipigwe chapa kabla ya Ijumaa.

Mama Mdogo (Dar es Salaam), saa 1:20 usiku
Waaleikum salaam, kaka. Mwenyezi Mungu akulipe kwa kazi hii. Idadi ya watoto na wajukuu iko sawa. Ombi langu ni kwamba tusiishie kwenye idadi, maana atakayesikiliza atajua marehemu alizaa wangapi, lakini hatajua alikuwa mtu wa namna gani.

Mama Mkubwa (Pangani), saa 1:41 usiku
Mdogo wangu, tarehe hiyo uiondoe. Hiyo ni tarehe ya kwenye kadi, na kadi aliiandikiwa na karani aliyemtazama usoni, akakisia mwaka, kisha akajaza siku na mwezi kutoka kichwani mwake. Mama alinisimulia mwenyewe. Aliulizwa amezaliwa lini, akajibu kwamba alikuwa msichana anayefunga Ramadhani nzima vita vya Hitler vilipokwisha, karani akacheka na kuandika 1940. Mtu wa 1940 angekuwa na miaka mitano vita vilipokwisha mwaka 1945. Mtoto wa miaka mitano hafungi mwezi mzima.

Mjomba (Tanga), saa 1:48 usiku
Dada, nakubali kwamba tarehe za kadi nyingi za wazee wetu ni za kukisia. Lakini tukiiacha hiyo tutaandika nini? Hatuna cheti cha kuzaliwa, na sitaki kusoma mbele ya watu jambo ambalo sina ushahidi nalo.

Mama Mkubwa (Pangani), saa 1:55 usiku
Ushahidi ni mimi. Mimi nina miaka sabini na mitatu. Chukua kalamu ufanye hesabu.

Kitukuu (Morogoro), saa 1:58 usiku
Shikamooni wazee wangu. Nimefanya hesabu. Ikiwa Bibi Mkuu alizaliwa mwaka 1940, basi alimzaa Bibi yangu akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja.

Mama Mdogo (Dar es Salaam), saa 2:01 usiku
Subhanallah. Miaka yote hii tumeishika kadi ile mikononi, tumeipeleka zahanati na kwingineko, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukaa akaitazama vizuri.

Mama Mkubwa (Pangani), saa 2:10 usiku
Marahaba, mjukuu wangu. Sasa nadhani mnaona kwa nini nimeshikilia jambo hili. Tukiusoma mwaka huo msikitini, tutakuwa tumemwambia kila mwenye akili ya hesabu kwamba babu yetu alimwoza binti yake angali mtoto mdogo, ilhali ukweli ni kinyume chake. Posa ya kwanza ilikuja mapema, na babu akairudisha, akasema binti yake hatoki nyumbani kabla hajakhitimu Msahafu na kabla hajatimiza umri wa kuendesha nyumba yake. Mama aliolewa akiwa na miaka kumi na minane, na alikuwa akilisema hilo kwa fahari, kwa sababu wenzake wengi wa mtaani hawakubahatika kuwa na baba wa aina hiyo. Kumpunguzia miaka minane ni kumvunjia heshima yeye pamoja na baba yake.

Mjukuu (Muscat), saa 2:26 usiku
Shikamoo Mama Mkubwa, shikamoo Mjomba. Nimefuatilia mazungumzo tangu mwanzo. Mama Mkubwa, je, kile kibweta cha Bibi bado kipo? Nilipokuja likizo mara ya mwisho alinifungulia, akanionyesha daftari dogo lenye jalada jeusi na sarafu moja iliyotobolewa katikati. Alisema, "Humu mna nyinyi nyote." Wakati ule niliyachukua kama maneno ya mapenzi tu.

Mama Mkubwa (Pangani), saa 2:31 usiku
Kipo chini ya kitanda chake. Ngojeni.

Mama Mkubwa (Pangani), saa 2:52 usiku
Nimekifungua. Humu mna tasbihi, cheti cha elimu ya watu wazima, daftari, na ile sarafu ikiwa imefungwa katika pindo la kanga iliyokwisha rangi. Ni senti kumi ya zamani ya Afrika Mashariki, ina tundu katikati, na mwaka unasomeka vizuri: 1942. Daftari limeandikwa kwa herufi za Kiarabu na macho yangu hayaoni vizuri usiku, kwa hiyo nimepiga picha kurasa mbili za mwanzo.

Mjukuu (Muscat), saa 3:05 usiku
Nimezisoma, na imenibidi nisimame nje kwanza kabla ya kuandika. Herufi ni za Kiarabu lakini maneno ni Kiswahili chake, kama vile ananiita kutoka ukumbini. Mstari wa kwanza kabisa unasema hivi: "Amezaliwa mtoto mwanamke, Ijumaa, mfungo sita, mwaka 1371, mvua yanyesha, baba yake yuko mashine." Chini yake wamefuata wote, hadi Mama Mdogo, na mwisho wa ukurasa wa pili ameanza wajukuu. Marehemu mama yangu ameandikiwa kwamba alizaliwa akiwa na nywele nyingi.

Mjomba (Tanga), saa 3:14 usiku
Mfungo sita wa mwaka 1371 wa Hijria uliangukia Desemba 1951. Basi dada hajakosea hata kidogo. Na "mashine" hapo ni korona, mashine ya kuchambulia mkonge, ambako baba alikuwa akifanya kazi zamu ya usiku. Nakumbuka alivyokuwa akirudi alfajiri mikono ikimwasha kwa maji ya mkonge, mama akimpaka mafuta ya nazi kidole kimoja kimoja bila kusema neno.

Sarafu nayo naijua habari yake, ila sikuwahi kuiunganisha na umri. Mama alisema babu alimpa siku alipokhitimu, ikiwa mpya inayong'aa, naye alikuwa na miaka kumi. Shilingi ya Tanzania ilipokuja mwaka 1966 na watu wakapeleka fedha za zamani kubadilishiwa, baba alimshauri aitoe, naye akakataa. Kama ilikuwa mpya mwaka 1942, mama alizaliwa yapata mwaka 1932. Alitutoka akiwa na miaka tisini na mitatu hivi. Dada, nisamehe kwa ubishi wangu.

Mama Mkubwa (Pangani), saa 3:17 usiku
Hukubisha, mdogo wangu, uliuliza ushahidi. Ndivyo alivyokulea.

Mama Mdogo (Dar es Salaam), saa 3:30 usiku
Sasa naomba miaka hiyo tisini na mitatu tuijaze. Mashamba ya mkonge yalipotaifishwa mwaka 1967, bei ilikuwa imekwisha anguka kwa sababu ya kamba za nailoni, na haikuchukua miaka mingi mshahara wa baba ukawa wa kusubiriwa. Waliotulisha na kutusomesha ni vitumbua. Mama alikuwa akiroweka mchele baada ya sala ya Isha na kuutwanga usiku huohuo, na ifikapo saa kumi na moja alfajiri alikuwa amekwishaketi karibu na kivuko, moto wa vifuu ukiwaka, akingoja watu wanaovuka kutoka Bweni. Wakati wa uhaba uliofuata vita vya Kagera, sukari ikiwa ya foleni, alipunguza sukari lakini hakupunguza ukubwa wa kitumbua, na kila mteja alimwambia mwenyewe kabla hajanunua: "Leo sukari ni kidogo." Hilo liandikwe, kaka. Sijaona mfanyabiashara mwingine akiitangaza kasoro ya bidhaa yake.

Mjukuu (Muscat), saa 3:41 usiku
Na Maziwe iandikwe. Mimi naijua Maziwe kama fungu la mchanga linalofunikwa na maji bahari ikijaa, lakini Bibi aliijua ikiwa kisiwa chenye miti, na alikuwa akisimama ufukweni na kunionyesha kwa kidole mahali mivinje ilipokuwa, kama vile bado anaiona. Kwangu, urefu wa maisha yake niliuelewa siku hiyo, kwamba alikuwapo kisiwa kikiwa hai na akabaki baada yake.

Kitukuu (Morogoro), saa 3:49 usiku
Naomba kuongeza jambo dogo. Sisi watoto tulikuwa tukigombania kukaa upande wa kushoto wa kikaango, kwa sababu shimo moja la upande ule lilikuwa linanasa, na kitumbua kikichanika Bibi Mkuu hakukiuza. Alikipuliza kwanza, akakigusisha kwenye mdomo wake kupima joto, ndipo akakutia mkononi.

Mjomba (Tanga), saa 4:20 usiku
Nimeandika upya. Mwanzo wake sasa ni huu: "Marehemu alizaliwa Pangani yapata mwaka 1932. Alikhitimu Msahafu mwaka 1942 akiwa na miaka kumi, na baba yake akampa senti kumi mpya, ambayo hakuitumia maisha yake yote. Aliolewa akiwa na umri wa miaka kumi na minane. Kwa zaidi ya miaka thelathini aliuza vitumbua karibu na kivuko, na aliandika kwa mkono wake siku ya kuzaliwa ya kila mmoja wetu." Maziwe na maneno ya sukari yamo katika aya ya pili. Umri nimeandika "yapata miaka 93", na chini nimeeleza tumeujuaje, ili asiwepo wa kudhani tumejikisia kama yule karani.

Mama Mkubwa (Pangani), saa 4:28 usiku
Sasa huyo ndiye mama. Upige chapa.

Daftari nitalitunza mimi hadi mfike, kisha tutakubaliana likae kwa nani. Sarafu nimeirudisha katika pindo lake la kanga. Mchele nitauroweka Jumamosi baada ya Isha, kwa kuwa nimeamua wageni wa khitma wale vitumbua kutoka kikaango chake mwenyewe. Atakayenisaidia kugeuza ajue kwamba lile shimo la kushoto bado linanasa, na kitakachochanika kisiwekwe kwenye sinia la wageni. Hicho ni cha watoto.