Mfadhili wa chuo kishiriki: apange matumizi ya pesa zake au akiachie chuo kiamue?

MtoaHoja: Wakuu, naomba tulijadili hili kwa utulivu. Mtu akitaka kukisaidia chuo kikuu kishiriki, njia ni nyingi. Anaweza kulipia ada za wanafunzi, kujenga maabara, kukitaja chuo kwenye wosia, kutoa hisa au ardhi. Anaweza pia kuweka wakfu: mtaji hauguswi, chuo kinachota mapato tu, kwa kawaida kama asilimia 4 au 5 kila mwaka. Au atoe pesa asiweke sharti lolote. Mimi nipo upande wa pesa zisizo na sharti. MacKenzie Scott, yule tajiri wa Marekani, alifanya hivyo mwaka 2020 kwa vyuo kadhaa vya Wamarekani weusi. Umeme, mishahara ya wakutubi, ukarabati wa paa linalovuja, nani anafadhili? Kila mmoja anataka jengo jipya, na jengo jipya nalo lina paa litakalovuja.

Mkaguzi: Bila sharti kwa uongozi upi? Pesa isiyo na sharti inaishia kwenye posho za vikao na magari ya wakubwa. Nikitoa, natoa kwa mkataba, na taarifa ya mapato na matumizi niione kila mwaka. Halafu tusidanganyane kuhusu hii michango ya visenti ya wahitimu. Ni kelele tu. Gharama ya kuikusanya inaimeza. Vyuo vinajengwa na matajiri.

BintiMaktaba: Kelele? Oseola McCarty aliacha shule akiwa darasa la sita, akafua nguo za watu maisha yake yote, na mwaka 1995 akatoa dola 150,000 za akiba yake kwa University of Southern Mississippi ili wanafunzi maskini wapate ufadhili. Huyo naye alikuwa anapiga kelele, kaka?

Mkaguzi: Dola 150,000 si visenti. Umenipa mfano unaonisaidia mimi.

BintiMaktaba: Zilikuwa visenti siku alipoziweka benki, kimoja kimoja. Hukumdharau yeye peke yake, umemdharau kila mhitimu anayekata kidogo kwenye mshahara wake kila mwezi bila kukosa. Mimi ni mmoja wao, na sijawahi kuomba jina langu liandikwe popote.

Shangazi_K: Someni kisa cha Sweet Briar College, chuo cha wanawake huko Virginia. Machi 2015 bodi ilitangaza kukifunga. Mfuko wao ulikuwa na zaidi ya dola milioni 80, ila sehemu kubwa ilikuwa imefungwa na masharti ya wafadhili, haikuweza kutumika kuokoa jahazi. Wahitimu wakaenda mahakamani, wakaahidi dola milioni 12, na chuo kipo mpaka leo. Kwa hiyo masharti yalikiponza, na wachangiaji wadogo wakawa sehemu ya waliokiokoa. Hoja zote mbili zimo humo.

Mwajiriwa: Mimi narudi kwenye posho, maana limenichoma. Nafanya kazi ofisi ya fedha ya chuo. Hayo magari siyajui. Ninachokijua ni mfuko wa ufadhili wenye masharti membamba kiasi kwamba mwanafunzi anayefaa hapatikani: awe yatima, asome fani fulani, atoke ukoo fulani. Pesa inalala, watoto wanarudishwa nyumbani kwa ada. Mkaguzi, umewahi kumwambia mwanafunzi hivyo uso kwa uso?

Mkaguzi: Nimewahi kulipia ada vijana wawili, na chuo husika hakikuniandikia hata barua ya kukiri kupokea. Nilipouliza, nikaambiwa aliyekuwa anashughulikia amehamishwa. Usinifundishe uchungu, ndugu.

Mwajiriwa: Hapo una haki ya kulalamika, tena kubwa. Lakini dawa yake ni risiti na taarifa. Sharti la ukoo halileti risiti.

Mzee_wa_Wosia: Vijana, mnagombana na njia rahisi mnaziruka. Anayeandika wosia aandike fungu la mali yake, mfano sehemu moja ya kumi, badala ya kiasi kamili. Thamani ya pesa hushuka. Aongeze kifungu kwamba lengo lake likishindikana, bodi ipeleke fedha kwenye lengo linalokaribiana nalo. Na kuhusu wakfu pigeni hesabu kwanza: chuo kikichota asilimia 4, kumlipia mwanafunzi mmoja kila mwaka kunahitaji mtaji wa mara 25 ya ada yake. Asiye na kiasi hicho alipe ada mwaka huu, mtoto asome sasa.

Kalamu7: Mzee kaongea vizuri, ila mzizi wa yote ni majina. Watu wananunua kuta. Chuck Feeney, mfanyabiashara wa Marekani, alitoa mabilioni ya dola, vyuo vikuu vikiwamo, kwa miaka mingi bila jina lake kujulikana. Ruth Gottesman mwaka 2024 alitoa dola bilioni 1 ili wanafunzi wa chuo cha udaktari cha Albert Einstein huko New York wasilipe ada, akataka jina la chuo libaki vilevile. Linganisheni na Sackler, familia iliyomiliki kampuni ya dawa za maumivu zilizolaumiwa kwa uraibu Marekani: Chuo Kikuu cha Tufts kililibandua jina hilo 2019, Oxford ikafuata 2023.

Mkaguzi: Gottesman aliweka sharti! Pesa ni ya ada. Mnaona sasa?

Kalamu7: Sharti la kumnufaisha mwanafunzi nalikubali. Sharti la kumtukuza mtoaji silikubali. Usiyachanganye.

MtoaHoja: Wakuu, majina sikuyauliza mimi...

BintiMaktaba: Acha, yamefika penyewe. Mhitimu akitafuta kazi, cheti chake kinabeba jina la kitivo. Jina hilo likichafuka, anachafuka yeye ambaye hakupokea hata senti.

Mkaguzi: Basi jina liwe na muda kwenye mkataba. Miaka 20, likiisha chuo kiamue upya, na kashfa ikitokea kabla ya hapo litoke. Mtu anayetoa jengo zima ana haki ya kushukuriwa.

Shangazi_K: Muda nakubali. Ila jina lisipandishwe ukutani kabla pesa yote haijaingia. London School of Economics waliahidiwa pauni milioni 1.5 na mfuko wa mtoto wa Gaddafi, zikafika laki tatu tu, na mwaka 2011 mkuu wao akajiuzulu kwa kashfa hiyo. Bodi ichunguze chanzo cha fedha kabla ya kusaini, na ahadi isihesabiwe kama malipo. Hilo liandikwe kwenye kanuni za kila chuo, awe anatoa bilioni au anatoa kama Binti.