Alama ya \ inapotea ndani ya stringi ya Vim

Swali (Tukuyu)

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninaandika skripti ya Vim (programu ya kuhariri maandishi) ya kusafisha orodha za ukusanyaji wa maziwa hapa Rungwe, ambamo baadhi ya makarani huandika fedha kwa nukta, kama 12.500, ilhali wengine hutumia mkato. Nilitaka nukta zote ziwe mikato, nikaandika:

`substitute("12.500", "\.", ",", "g")`

Nilichopata ni `,,,,,,`. Nifahamuvyo, `\.` katika rejeksi (ruwaza ya kutafutia maandishi) ni nukta yenyewe. Kwa nini basi kila herufi imebadilishwa?

Jibu (Iringa)

Ndugu, rejeksi yako ni sahihi, ila haikufika kama ulivyoiandika. Stringi hiyo, yaani maandishi yaliyo ndani ya nukuu, husomwa mara mbili: kwanza na lugha ya skripti, kisha na injini ya rejeksi. Ndani ya nukuu mbili, Vim huishughulikia alama ya `\` kwanza, na kwa kuwa `\.` haina maana maalumu kwake, tofauti na `\n` au `\t`, huiondoa `\` na kubakiza nukta tupu, ambayo kwa rejeksi ni herufi yoyote ile. Unaweza kuandika `"\\."`, lakini mimi nasisitiza nukuu moja: `'\.'`. Humo kila kitu hubaki kilivyo, isipokuwa ritifaa, ambayo huandikwa mara mbili ili ihesabiwe moja. Jambo hilo linatuhusu sana tunaoandika Kiswahili, kwa sababu ng'ombe huwa `'ng''ombe'`.

Wanaotumia Emacs, kihariri kingine, hawana nafuu hiyo. Stringi za Emacs Lisp, lugha yake ya skripti, ni za nukuu mbili tu, kwa hiyo kuitafuta `\` moja kwa rejeksi kunahitaji `"\\\\"`.

Jibu (Mbeya mjini)

Nakubaliana na ndugu wa Iringa kuhusu nukuu moja. Naongeza kwamba iwapo neno linalotafutwa linatoka kwa mtumiaji, mathalani "Kituo [B]", mabano mraba yatachukuliwa kuwa kundi la herufi, na kitakachopatikana ni "Kituo B". Andika hivi, ambapo `jina` ni neno hilo na `\V` huagiza alama kama `[` zisomwe kama zilivyo:

`'\V' . escape(jina, '\')`

Upande wa badala nao uangaliwe. Huko `&` husimama mahali pa maandishi yaliyopatikana, hivyo "Chai & Maziwa" itaharibika usipopitisha `escape(badala, '\&')`.

Muuliza swali

Nashukuru sana. `'\.'` imetoa 12,500, na sasa ninazipitia stringi zote za skripti kuangalia `&`.