Naombeni ushauri: mtoto ana nimonia, kipimo kinasema virusi, sasa antibiotiki za nini?

MamaZuhu: Wakuu, habari za usiku. Mwanangu ana mwaka na miezi miwili, tuko Dar. Mafua yalimshukia kifuani, hospitali wakasema nimonia, wakampa amoksilini ya kuyeyusha kwenye maji. Baadaye majibu ya swabu ya pua yakatoka: virusi vya RSV. Sasa kama ni virusi, antibiotiki za nini? Naogopa usugu wa dawa. Wenye uelewa nisaidieni, usingizi hauji.

Mzee wa Kitunda: Pole mama. Watoto wa siku hizi wanalishwa dawa mno. Sisi tulichuliwa mafuta ya nazi na kitunguu kifuani, na tupo.

binti_pangani: Babu, waliokufa hawaingii humu kuandika. Mdogo wangu waliita kichomi, akachanjwa chale kifuani, tukamzika. Dada, usicheleweshe.

Jobiso: Feni mnazima usiku? Anzia hapo.

NesiWaWodini: Mama, dawa anaendelea kunywa? Na sasa hivi anapumuaje?

MamaZuhu: Ana homa kidogo. Ananyonya, ila anaachia achia.

NesiWaWodini: Kuhusu dawa hujajibu.

MamaZuhu: Nilisimamisha majibu yalipotoka. Lakini sikukurupuka, nimesoma kwamba antibiotiki haziui virusi. Na alishapata nafuu, anacheza vizuri tu. Homa imerudi leo mchana.

NesiWaWodini: Ni kweli haziui virusi. Ila swabu inasema kilichoko puani, haisemi mapafuni hakuna kingine. Virusi vikishachubua njia ya hewa, bakteria kama pneumokoka, ambao watoto wengi wanao puani bila kuugua, wanapata upenyo wa kushuka. Homa kurudi baada ya nafuu ndiyo inayonitia wasiwasi. Utafiti wa PERCH wa 2019, ambao Kilifi ilikuwa kituo kimojawapo, uliipa RSV karibu theluthi ya nimonia kali za watoto, na bado bakteria walikuwa na fungu lao. Wengine wanaugua vyote kwa pamoja.

Washa taa, mvue fulana, hesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia. Kwa umri wake, 40 na kuendelea ni haraka. Halafu tazama chini ya mbavu: akivuta hewa panabonyea?

Chalii_Mbezi: Hii chai jamani. Mama mwenye mgonjwa usiku wa manane anaandika RSV na usugu wa dawa kwa mpangilio huu? Na hicho kipimo hospitali zetu ngapi wanacho?

Mzee wa Kitunda: Hata mimi nimeshtuka. Baba mtoto yuko wapi?

binti_pangani: Za binafsi wanapima. Na mwenye kujua kuandika haugui mtoto?

MamaZuhu: Baba yuko safarini. Ni hospitali ya binafsi, nimelipa mwenyewe. Nitunge ugonjwa wa mwanangu ili nipate nini? Nesi, nimehesabu: 58. Na panabonyea. Nilikuwa nimeshaamua nimrudishie dawa usiku huu, asubuhi ndiyo niende.

NesiWaWodini: Asubuhi ni mbali, mama. Nenda sasa hivi. Wampime oksijeni kwa kile kifaa cha kidoleni. Ikiwa chini ya asilimia 90 anatakiwa kuwekewa hewa ya oksijeni. Beba kadi ya kliniki waone kama alimaliza chanjo ya nimonia ya wiki ya 6, 10 na 14. Beba na dawa iliyobaki, uwaambie siku uliyoikatisha. Hilo usiwafiche.

Jobiso: Mfunike vizuri kifua, nje kuna upepo.

NesiWaWodini: Asimrundikie nguo, ana homa.

MamaZuhu: Jirani ameshawasha gari. Nesi, wakisema ni virusi tu wakanirudisha?

NesiWaWodini: Wasipompima oksijeni na kumhesabia pumzi, usitoke hapo.