Naombeni ushauri: saa ya pendulamu niliyoitengeneza nyumbani niimalizie vipi?

Mwenye uzi: Habari zenu, wanajamvi. Naishi Tanga, karibu na bahari. Saa yangu ya ukutani, inayoendeshwa kwa uzito, sasa inatembea vizuri. Fremu yake ni ya mninga, magurudumu ni ya shaba ya njano, na ufito wa pendulamu ni wa mkongo. Je, nipake vanishi kila mahali au kwenye mbao tu? Akrabu, ambazo ni za chuma, nizikinge vipi na kutu? Na usoni niandike tarakimu za Kirumi au za kawaida?

Fundi saa, Mombasa: Hongera sana, ndugu. Anza na ufito, kwa kuwa ndio unaoshika mwendo wa saa. Ufito wa chuma, joto likipanda kwa nyuzi 10, huichelewesha saa kwa takriban sekunde 5 kwa siku. Wa mbao hurefuka kwa kiasi kidogo kuliko wa chuma kwa joto hilohilo, lakini adui yake ni unyevu, na kwenu unyevu haukosekani. Ukiuacha mtupu, utavuta maji wakati wa masika na kuyatoa kiangazi, na saa haitatulia. Upake vanishi nyembamba mara kadhaa, hasa kwenye ncha mbili zilizokatwa, maana huko ndiko unyevu hupenya kwa wingi, kisha usiirekebishe saa mpaka vanishi ikauke kabisa.

Vanishi isiguse meno ya magurudumu wala matundu ya ekseli. Kila ncha ya ekseli itie tone dogo la mafuta ya saa, lakini meno yaache makavu, kwa sababu mafuta hunasa vumbi na vumbi hilo huyala kama msasa.

Seremala, Pangani: Naunga mkono. Akrabu zing'arishe, uzipashe joto polepole juu ya mchanga mpaka ziwe buluu, kwenye nyuzi 300 hivi, halafu uzipake nta, kwa sababu buluu peke yake haihimili hewa ya chumvi. Kuhusu tarakimu, mimi ningechagua za Kirumi, na nne ningeiandika IIII kama ilivyozoeleka kwenye saa za zamani, kwa kuwa hulingana vyema na VIII iliyo upande wa pili.

Fundi saa, Mombasa: Hapo tunatofautiana kidogo. Ikiwa wazee na watoto wataisoma kutoka mbali, za kawaida, nene na nyeusi, zinafaa zaidi.

Mwenye uzi: Ahsanteni, wakuu. Bibi yangu ndiye atakayeitazama zaidi, hivyo nitaandika za kawaida. Kesho naanza na ufito.