Ule mziki wa Rainbow Road ni mpya au wa zamani?

MtotoWaShangani: Wakuu kwema? Huku Mtwara kwenye banda letu la gemu kuna ubishi hauishi, dogo mmoja anakomaa kwamba mziki wa Rainbow Road, ile njia ya mashindano kwenye gemu ya mbio za vigari Mario Kart 8, ni mpya kabisa, mi nasikia melodi ileile ya Mario Kart ya kwenye Nintendo 64, ile mashine ya gemu ya zamani. Nani yuko sahihi?

mikindani_kwetu: Muulizeni kwanza anasema Rainbow Road ipi, maana Mario Kart 8 ilipotoka 2014 ilikuja nazo mbili. Moja ni mpya na ina wimbo wake, nyingine ndo ile ya Mario Kart 64 ya mwaka 1996, imerudishwa na wimbo wake aliotunga Kenta Nagata, wameupanga upya tu na safari hii wamepiga wanamuziki wenyewe kwa vyombo, ndo maana unausikia mnene vile. Kwahiyo nyote mko sawa, lipaneni soda 😂

Lindi_Kavu: Mi nabaki na wa zamani. Kwenye 64 unapiga raundi tatu ndeeefu, ule wimbo unajirudia mpaka unalala nao kichwani, kwenye 8 wameikata ile njia vipande vitatu unapita mara moja umemaliza, utamu wenyewe ndo unaanza kukolea.

MtotoWaShangani: Dah kumbe mbili! Dogo keshaona hii, anadai soda yake.

mikindani_kwetu: Mpe, ila avae hedfoni asikilize besi kwanza