Mdogo wangu anaruka dawa, nimsaidieje bila kugombana?

Dada wa Malaba

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Niko Malaba, upande wa Uganda, nauza mitumba. Mdogo wangu ni utingo wa trela, njia yake Mombasa hadi Kampala, na mara nyingine wanapitiliza hadi Juba. Anaishi na virusi vya UKIMWI na alianza ARV zamani. Kwenye kitabu chake cha kliniki mimi ndiye nimeandikwa kama msaidizi wa matibabu.

Kipimo cha mwisho virusi vimepanda. Wakampangia vikao vya ushauri, kimoja kila mwezi kwa miezi mitatu, ndipo wampime tena. Alienda cha kwanza, mhudumu akamfokea mbele ya watu: "Unataka kufa?" Karudi amenuna, na sasa ukitaja kliniki anavaa viatu anatoka.

Akilala kwangu najua anameza, maana kopo linalia chakacha, chakacha. Akiwa safarini sijui. Juzi nafua suruali yake nikakuta vidonge vimefungwa kwenye kipande cha nailoni, vimelowa jasho hadi vimeanza kumung'unyika.

Mama anataka nimhesabie vidonge kila akirudi. Baba mdogo anasema tumtishe kwamba tutamwambia mchumba wake. Mimi yote mawili yananikataa. Nifanyeje?

Trela la Usiku

Dada, usihesabu. Mtu anayehesabiwa vidonge hujifunza kuvitupa chooni, kopo likaonekana sawa na virusi vikaendelea kupanda. Nimewaona.

Mimi ni dereva na niko kwenye dawa tangu enzi zile za kuota ndoto za ajabu. Dawa ile ilikuwa na efavirenz, ilileta kizunguzungu, ndiyo maana tuliambiwa tumeze usiku tukilala. Wengi wetu tukakariri saa tatu usiku kama adhana. Sasa fikiria saa tatu usiku utingo yuko wapi: foleni ya mizani, dereva pembeni, wenzao wanapiga soga. Atatoa kopo hapo? Akikosa saa yake anasema basi, siku imeshaharibika, hadi kesho.

Muulize swali moja tu: huwa unameza saa ngapi? Usimuulize kama anameza, hilo atakujibu uongo.

Nesi Mstaafu

Dereva kagusa penyewe. Uganda ilianza kuwahamishia watu kwenye dawa yenye dolutegravir mwaka 2018, na wengi leo wanameza kidonge kimoja kwa siku chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Kama ndicho chake, hakimlazimishi usiku. Anaweza kumeza asubuhi na chai, na wanaokosa usingizi ndivyo tunavyowashauri. Tena si lazima awe ameshiba. Hii ya "sijala, dawa itaniunguza" imewafanya wengi waruke siku bure.

Akisahau, ameze anapokumbuka. Kama saa ya dozi inayofuata imeshakaribia sana, asubiri hiyo. Asimeze viwili kufidia.

Vidonge vya kwenye nailoni hapana, jua na jasho vinaviharibu. Kopo kubwa libaki nyumbani limefungwa, yeye abebe vya siku chache kwenye kikopo kikavu chenye kifuniko cha kukaza. Juu aweke pamba safi, kelele zinaisha.

Mchumba msimguse. Mwanamke huyo ana haki ya kujua, lakini asikie kwa mwenyewe, na kliniki inaweza kuwakalisha pamoja. Akipima hana, zipo dawa za kumkinga. Na mdogo wako akishikilia dozi, virusi visionekane kwenye kipimo na vikae hivyo miezi sita, hamwambukizi kwa tendo la ndoa. Vijana wengi hawajaambiwa hili, wanaona dawa ni kifungo tu.

Mtumishi_Soroti

Mleteni kwenye maombi, Mungu anaponya kabisa.

Trela la Usiku

Amina. Aje na kopo lake, aombe huku amemeza. Nimemzika rafiki aliyetangaziwa uponyaji akaacha dawa.

Busia Kwetu

Hapo alipofokewa si lazima arudi. Aombe barua ya uhamisho. Tororo hapo jirani kuna TASO, shirika lililoanzishwa mwaka 1987 na watu ambao wengi wao ugonjwa huu uliwagusa wenyewe, wamezoea watu wa barabara kuu. Tangu 2025, Marekani ilipokata misaada, kliniki nyingi za ARV zimeunganishwa na wagonjwa wa kawaida. Foleni ni ndefu, sikatai, lakini sasa anayekuona kwenye benchi hajui umefuata malaria au nini.

Na kuna vikundi: wateja wachache wa mtaa mmoja wanapokezana, mmoja anakwenda kuwachukulia wote dawa. Kwa sasa atakataliwa kwa sababu virusi viko juu, na hata dawa za miezi mingi hapewi. Vikishuka, adai.

Dada wa Malaba

Jamani. Nimempigia simu usiku huu, yuko Eldoret. Nikamuuliza saa tu. Kimya, halafu akacheka: "Saa tatu, si ndivyo walisema?" Dereva wake ni shemeji ya mchumba. Kumbe!

Kanieleza kingine. Ana vidonda vya tumbo, kila jioni anatafuna vile vidonge vyeupe vya dukani vya kuzima kiungulia, kisha ndiyo anameza dawa. Kuna neno hapo?

Nesi Mstaafu

Lipo, tena kubwa. Vile vingi vina magnesiamu au alumini, vinaishika dolutegravir tumboni isiingie mwilini inavyotakiwa. ARV itangulie kwa saa mbili, au isubiri saa sita baada ya kutafuna hivyo. Akimeza ARV asubuhi na cha tumbo akakiacha jioni, havigongani.

Vikao amalize, na aseme haya yote, la saa na la tumbo. Kipimo cha pili ndicho kinachoamua kama atabadilishiwa dawa. Akinyamaza wataona dawa imeshindwa, wampe nyingine, na ya kwanza haikuwa na kosa.

Dada wa Malaba

Trela linaingia Alhamisi, nitaenda naye. Barua ya uhamisho inalipiwa?

Busia Kwetu

Hailipiwi, na dawa vilevile. Mkidaiwa hata shilingi, ombeni kuonana na msimamizi wa kituo. Bebeni kitabu chake na nenda naye mapema, kabla ya saa mbili.