Neno "shule" lilitoka wapi, na kwa nini linafanana katika lugha nyingi za Ulaya?

Mwalimu wa Mbarara

Ndugu zangu, nawasalimu. Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Mbarara, na tangu somo hili lilipoingia katika ratiba yetu wanafunzi wamekuwa wakiniuliza maswali ambayo kitabu cha kiada hakiyajibu. Juma lililopita msichana mmoja aliniuliza kwa nini tunasema "shule" ilhali Waingereza waliotutawala husema school, na kwa nini mjomba wake aliyeko Ujerumani huandika Schule, neno ambalo ukilitamka ni hili letu lenyewe. Nikamjibu kwamba limetoka kwa Wajerumani. Akauliza tena: na wao walilitoa wapi? Nilipofungua kamusi nilikuta escuela ya Kihispania, scuola ya Kiitaliano, szkoła ya Kipolandi, iskola ya Kihungari, na école ya Kifaransa ambayo sikuona inaingiaje humo. Naomba anayefahamu anieleze asili ya neno hili na maana yake ya kwanza, kwa kuwa nimemwahidi jibu kabla ya muhula kwisha.

Msomaji wa Jinja

Mwalimu, hukumpoteza. Wajerumani walitawala Tanganyika tangu miaka ya 1880 hadi Vita Kuu ya Kwanza, wakaanzisha shule za serikali Tanga na kwingineko, na neno lao likabaki hata baada ya wao kuondoka. Zanzibar, iliyokuwa chini ya Waingereza tangu 1890, husema skuli hadi leo. Kwa hiyo Kiswahili kina neno hilohilo mara mbili, kila moja kwa mlango wake.

Huko Ulaya chanzo ni kimoja: skholē ya Kigiriki, ambayo Warumi waliichukua wakaiandika schola. Kilatini kilipokuwa lugha ya kanisa na ya elimu, neno lilisafiri pamoja na vitabu na makasisi mpaka kwa watu ambao lugha zao hazina undugu wowote na Kilatini, kama Wahungari na Wafini.

Sura zake zinatofautiana kwa sababu kila lugha ina namna yake ya kuvumilia sauti mbili za mwanzo, s na k. Wahispania hawaanzi neno kwa s inayofuatwa na konsonanti nyingine, basi hutanguliza e: escuela. Wafaransa walifanya hivyohivyo, wakasema escole, kisha baada ya karne kadhaa s ikapotea ikabaki école. Mwonyeshe mwanafunzi wako neno la nyota, ambalo kwa Kilatini ni stella, kwa Kihispania estrella na kwa Kifaransa étoile, naye ataiona njia ileile. Wafini waliitupa s kabisa wakapata koulu. Sisi wenyewe hatuko mbali na hayo: Waganda hawaziachi s na t zigusane, ndiyo maana kituo cha bodaboda, stage kwa Kiingereza, kwao ni siteegi.

Mzee wa Masaka

Maelezo ya sauti yamenitosha, lakini mwalimu aliuliza pia maana ya kwanza, na hapo ndipo penye utamu. Skholē kwa Wagiriki wa kale ilikuwa wasaa, yaani muda ambao mtu hana kazi inayomkaba. Kutoka hapo ikawa jambo linalofanywa katika wasaa huo, hasa mazungumzo ya wenye elimu, kisha kundi la watu wanaomsikiliza mwalimu mmoja, na mwishowe mahali wanapokutania.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba Wagiriki walitaja shughuli kwa kukanusha wasaa: ascholia, kukosa nafasi. Warumi nao walikuwa na otium, wasaa, na kinyume chake negotium, ambayo imezaa negocio ya Kihispania, yaani biashara. Tena shule ya watoto wadogo Warumi waliiita ludus, neno lilelile la mchezo.

Mwalimu wa Mbarara

Mzee wangu, nashukuru sana, ila hapo nimekwama. Wanafunzi wangu huamka alfajiri, wengine hutembea kilomita kadhaa kabla ya kengele. Nitawaambiaje kwamba shule maana yake ilikuwa mapumziko?

Mzee wa Masaka

Waambie ukweli wote, mwalimu wangu. Wasaa ule haukuwa wa kila mtu. Mwanamume huru wa Athens aliweza kukaa akijadili hesabu na siasa kwa sababu shamba lake na nyumba yake vilihudumiwa na watumwa na wanawake. Aristotle aliuona wasaa kuwa jambo kuu la maisha, lakini katika maandishi yaleyale alitetea utumwa. Mimi siwezi kulifundisha neno hili bila kulitaja hilo.

Kisha uwaulize kuhusu essomero, yaani shule kwa Kiganda. Sisi Waganda hatukuazima: tulichukua kitenzi okusoma tukataja mahali pa kusomea. Na kwa kuwa Wakristo wa kwanza wa Buganda, katika miaka ya 1870 na 1880, waliitwa abasomi kwa sababu ya kusoma vitabu vya dini, kitenzi hicho hadi leo hutumika pia kwa kwenda kusali.

Mtafsiri wa Arua

Hilo la Mzee linanikumbusha Wayahudi wa Ulaya Mashariki, ambao kwa lugha yao ya Kiyidi waliita sinagogi shul, kutokana na Schule. Kule Venice pia, scuola lilikuwa jina la vyama vya waumini vya kusaidiana, na jengo la Scuola Grande di San Rocco halikuwahi kuwa la kufundishia watoto.

Waturuki nao walifanana na Waganda. Zamani walisema mektep, kutoka Kiarabu, mahali pa kuandikia, kisha katika mageuzi ya lugha ya miaka ya 1930 wakaunda okul kutokana na kitenzi chao cha kusoma, huku sauti yake ikikaribia école.

Tahadhari moja, mwalimu, endapo wanafunzi watachimba zaidi: kufanana peke yake hakuthibitishi undugu. Katika Kiwelisi ysgol ni shule na pia ni ngazi, lakini ngazi imetokana na scala ya Kilatini, na maneno mawili yamekutana njiani. Kwa Kiingereza kundi la samaki huitwa school, nalo halihusiani na Wagiriki. Lilitoka kwa Waholanzi, kwa neno lenye maana ya kundi.